Jogoo Mmoja kwa Kifuniko cha Tangi

Siku tuliyomzika Bwana Shamba Issa kule Newala, niliiba kifuniko cha tangi la pikipiki yake mchana kweupe, mbele ya waombolezaji wote, na badala ya kunipiga watu walicheka. Miaka sita baadaye niliitwa kuitibu pikipiki hiyohiyo, imegoma kuwaka. Nilihangaika nayo siku tatu, nikiifungua na kuifunga, kabla sijakumbuka kwamba kifuniko kipo nyumbani kwangu Masasi, juu ya chupa ambayo mke wangu anawekea mbegu za maboga.

Ninyi vijana mnaoshika spana pale stendi mmeisikia habari hii vipande vipande, na kila anayeisimulia ananiongezea ujinga. Nimeona niiandike mwenyewe, kwa ujinga wangu halisi, bila nyongeza. Humo ndani mtapata na kazi kidogo.

Nilikuwa fundi pikipiki Masasi kwa zaidi ya miaka thelathini. Kibanda changu kilikuwa nyuma ya soko, chini ya mwamba ambao asubuhi ulinipa kivuli na jioni ukanirudishia joto lote uliloshinda ukilikusanya. Sikuandikiwa barua ya kustaafu. Kiuno ndicho kilichoniandikia. Siku moja niliinama kuokota nati, nikabaki hukohuko chini mpaka wateja wawili waliponinyanyua.

Sasa nirudi msibani, maana bila huko hamtaelewa. Kwa walimu na wafanyabiashara waliohamia huku kwetu karibuni, nieleze kwamba ukoo wangu na ukoo wa marehemu Issa ni watani tangu kwa mababu. Mtani wako akifa, kazi yako ni kuwasumbua wafiwa. Unajilaza kaburini, unaficha jembe, unadai marehemu alikukosea, na hutoki mpaka wakukomboe kwa chochote. Mtani akikaa kimya msibani, hapo ndipo watu hunong'ona kuwa kuna ugomvi.

Mimi siku ile nilitafuta utani nikaukosa. Issa alikuwa rafiki yangu. Aliwafundisha watu wa Newala nzima kupulizia mikorosho dawa, na kila pikipiki yake ilipougua aliiteremsha kwangu Masasi, hata kama ni kukaza waya wa breki tu. Mabwana shamba wenzake walikuja na pikipiki zao, zote za aina moja na rangi moja, wakaziegesha mstari ukutani mwa stoo pamoja na ya marehemu. Nikaisogelea ya mwisho, macho yamejaa maji, nikazungusha kifuniko cha tangi, nikakiinua juu kama kombe la mpira.

"Pikipiki hii haiendi popote mpaka nipewe jogoo!"

Wakacheka. Hata mjane, aliyekuwa chumbani amejifunika, alisikika akicheka na kulia kwa pamoja. Jogoo hakuletwa, kwa sababu mara tu baada ya kutoka makaburini mvua kubwa ilishuka na kila mtu akakimbilia chombo chake. Nikakitia kifuniko mfukoni, nikapanda basi, nikashuka Masasi, nikasahau. Pikipiki nayo ilitii maneno yangu. Haikwenda popote kwa miaka sita.

Simu ilinikuta Jumatatu nikiwa nimekaa barazani sina kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Somoe, wa marehemu Bwana Shamba. Ile pikipiki ya baba unaikumbuka?"

"Naikumbuka kuliko harusi yangu."

"Ijumaa inapandishwa kwenye gari la chuma chakavu."

Nilisimama, kiuno kikalalamika, nikakaa tena.

Somoe ni mwalimu. Shule yake iko bondeni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwao, na kurudi ni zaidi kwa sababu ya mlima. Kuhamia huko hakutaka, kwani mama yake ana magoti mabovu na hana mwingine wa kumnyanyua asubuhi. Mwalimu mkuu alikuwa ameshamwambia kwa upole, mara ya tatu, kwamba achague moja: awahi kengele au ahamie karibu na shule kabla mwezi haujaisha. Pikipiki ya baba yake ingemaliza shida hiyo, lakini ilikuwa haiwaki, na baba yake mdogo, Saidi, alikuwa anaitaka stoo.

Saidi si mtu mbaya. Msimu wa korosho ulikuwa unakaribia na magunia hayana pa kulala. Aliwaita ndugu, akasema mbele yao: "Stoo ni ya korosho, si ya makumbusho. Ikiwaka ikatembea mpaka njia panda ya Kitangari na kurudi kabla gari la Ijumaa halijafika, ni ya Somoe na hakuna atakayemwuliza. Isipowaka, inapanda gari."

"Mafundi wa hapo wanasemaje?" nikamwuliza Somoe.

"Wa kwanza alisema tununue injini nyingine. Wa pili alisema tununue pikipiki nyingine."

"Na wa tatu?"

"Wa tatu ni wewe, baba."

Jumanne nikapanda basi la Newala na mfuko wangu wa spana. Mama Somoe alikuwa ameketi mlangoni anachambua kisamvu. Aliponiona hakuinuka.

"Nani kamruhusu mwizi huyu apande mlima wetu?"

"Mtani, nasikia magoti yamekataa kukubeba," nikamjibu. "Hata mimi ningekuwa goti lako ningekataa."

"Ingia ule, mwizi we, usije ukafia mlangoni pangu nikalazimika kukulilia bure."

Siku tatu zilizofuata aliniita mwizi kila aliponipa maji, kila aliponipa ugali, na kila nilipopita kwenda chooni. Nilicheka kila mara. Hayo yakumbukeni.

Sasa kazi. Pikipiki iliyolala muda mrefu, jambo la kwanza msilifanye ni lile mnalolifanya ninyi nyote: kupanda juu na kupiga kiki. Mguu hauna macho. Pistoni iliyosimama mahali pamoja miaka sita huenda imeng'ang'ania silinda, na kiki yako ya hasira itavunja ringi zilizokuwa bado zina uhai. Fungua plagi, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake, uiache inywe. Kisha itie gia kubwa, usukume gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma, mpaka uhisi pistoni inapanda na kushuka.

Hayo nilifundishwa na Mzee Linus, aliyekuwa na karakana njia ya Lukuledi. Mzee huyu alikuwa na maswali matatu na hakushika spana kabla hajayauliza. Imelala tangu lini? Imelala wapi? Nani kaigusa? Mwaka wangu wa kwanza kwake aliletewa pikipiki iliyolala, nami kwa kuonyesha nguvu nikaanza kupiga kiki. Nilipiga tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mzee Linus alikaa kwenye gogo anamenya ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, anatafuna, ananitazama. Jasho lilipofika kwenye viatu nikamwuliza kama kuna kosa.

"Kosa? Mimi nadhani unafanya mazoezi."

"Haiwaki, mzee."

"Itawakaje, na koki ya mafuta umeifunga mwenyewe ulipoiegesha?"

Kisha akanipa ming'oko miwili, akasema huo ndio mshahara wa mguu. Tangu siku hiyo mkono wangu huenda kwenye koki kabla ya kwenda kwenye salamu.

Jumatano asubuhi, kwa hiyo, nilimkalisha Saidi kwenye gunia nikamwuliza maswali ya Mzee Linus. Imelala miaka sita. Imelala hapahapa, kati ya magunia ya korosho na mifuko ya salfa ya kupulizia.

"Nani kaigusa?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Fundi, mimi ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Hakuna."

Nikaandika kichwani: hakuna. Kosa la kwanza la safari ile ni hilo, nami nitalirejea mbele.

Nilipofungua boksi la chujio la hewa, lilikuwa nyumba ya panya. Kulikuwa na pamba ya godoro, vipande vya gazeti, na korosho ghafi zimepangwa vizuri kuliko zinavyopangwa ghalani. Saidi akainama, akazitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiye huyu! Miaka yote magunia yanapungua, mimi namshuku shemeji yangu."

"Shemeji yupi?" Mama Somoe akauliza kutoka uani.

"Hayupo hapa," Saidi akajibu haraka.

Tangi nalo nililinusa kabla ya kulimwaga. Pua ni chombo cha kazi, vijana, nanyi mmeiacha kwa sababu haiuzwi dukani. Petroli nzuri inachoma pua. Petroli iliyozeeka inanuka kama rangi ya kupaka milango. Wakati fulani mkulima mmoja wa Lupaso aliniletea pikipiki iliyozimika ghafla, nikalinusa tangi nikasikia msimu wa mabibo. Madumu yake mawili yalifanana, moja la petroli na moja la uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho, na alikuwa ameyachanganya. Nikamwambia pikipiki yake ni nzima, imelewa tu. Yeye hakuhangaika na pikipiki hata kidogo. Alishtuka, akapiga simu nyumbani mbio kuwaambia wageni wasiguse dumu la pili.

Tangi la marehemu lilinuka rangi ya mlango, kama nilivyotazamia. Nikalimwaga, nikalisuuza kwa petroli mpya na konzi ya kokoto ndogo, nikitikisa mpaka kutu ikatoka. Kwenye kabureta mafuta yalikuwa yameganda, mekundu, yananata kama utomvu wa mkorosho. Jeti ndogo, kile kitundu kinachopimia injini mafuta, ilikuwa imeziba kabisa. Hapa wengi wenu mnachukua waya wa breki mnatoboa. Msitoboe kwa waya. Waya unaongeza tundu, na pikipiki itakunywea mafuta maisha yake yote. Chukua unyasi laini wa ufagio, loweka jeti kwanza, kisha pitisha unyasi na upulize. Ninyi siku hizi mnaitupa kabureta nzima na kufunga mpya. Siwalaumu, mteja anasimama juu ya kichwa chako na simu mkononi. Ila pikipiki ya zamani kama ile haina kabureta mpya dukani, na ukiitupa umeitupa.

Plagi ikasafishwa. Moto haukuja. Nikafungua pointi, zile zinazokata na kuunga umeme wa plagi, nikakuta vichwa vyake vyeusi tititi. Hapo salfa ndiyo iliyofanya kazi. Vumbi lile la mikorosho linakula shaba polepole, na pikipiki ililala nalo chumba kimoja. Nikasugua kwa ubavu wa kiberiti mpaka vikang'aa, nikafuta kwa kitambaa kikavu, nikapiga kiki moja kwa mkono. Cheche ya buluu ikaruka.

Nikalala usingizi mzuri Jumatano ile. Ningejua nisingelala.

Alhamisi asubuhi Somoe aliomba ruhusa shuleni, akasimama uani amevaa viatu vya kupandia. Nikatia petroli mpya, nikafungua koki, nikavuta choki, nikapiga kiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikawaka. Sauti ilikuwa ileile ya miaka ile, kama mtu anayekohoa kabla ya kuhutubia. Mama Somoe akapiga kigelegele akiwa amekaa. Somoe akapanda, akaizungusha uani mara mbili, akatoka barabarani.

Baada ya dakika tano ikanyamaza.

Alirudi anaisukuma, uso umeshuka. Nikafungua tangi nione kama mafuta yapo. Yapo. Nikapiga kiki, ikawaka. Akaondoka. Dakika tano, kimya. Akarudi anasukuma. Hivyo mpaka mchana. Kwenye kona walikuwepo bodaboda watatu wanasubiri abiria, na kila Somoe alipopita anasukuma walimwamkia upya.

"Mwalimu, hilo ni zoezi la ngapi?"

"Mwalimu, ukichoka tutakubeba wewe na pikipiki yako, mishikaki."

Nilifungua kabureta mara ya pili. Safi. Nikaifungua mara ya tatu, kwa hasira. Safi vilevile. Nikasema basi, koili. Koili ikizeeka hufanya hivyo: ikiwa baridi inatoa moto, ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Nilimweleza Saidi habari za koili kwa ufasaha mkubwa, na vidole vyangu vikichora hewani. Nilikuwa nimekosea kabisa, lakini nilieleza vizuri sana. Mtakapokuwa wazee mtajua kwamba wakati fundi anapoeleza vizuri mno, mara nyingi ndipo hajui.

Jioni Somoe alikaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Baba, niambie kweli. Kama haiwezekani, kesho nikaanze kutafuta chumba kule shuleni. Nimtafutie mama mtu wa kumnyanyua."

Mama yake alikuwa anasikia. Hakusema utani wowote, na kimya kile kilinitisha kuliko koili.

"Mpaka gari lifike," nikamwambia.

Ijumaa asubuhi nikaazima koili kwa mmoja wa wale bodaboda wa kwenye kona, aliyenipa huku akicheka. Nikaifunga. Ikawaka. Dakika tano, ikafa, na hii ilikuwa koili nzima inayobeba abiria kila siku. Nikamrudishia. Alinipa pole tu, na pole ya fundi mdogo kwa fundi mzee inauma sana.

Wanaume wakaenda msikitini. Gari lilitegemewa mara baada ya swala. Nilibaki uani peke yangu na ile pikipiki, nikaiwasha, safari hii nikasimama kando yake bila kugusa kitu. Nikasikiliza. Ikanguruma, ikanguruma, kisha ikaanza kuhema kama mtu aliyezibwa pua, ikafa. Nikashika kifuniko cha tangi nione mafuta, kama nilivyokuwa nimefanya mara ishirini. Lakini mara hii uani palikuwa kimya, hakuna Saidi, hakuna bodaboda, na nilipokifungua nikasikia.

Fyuuu.

Tangi lilivuta hewa kwa kiu.

Nikakaa chini. Vijana, mafuta hayashuki kutoka kwenye tangi lililozibwa kabisa. Kadiri yanavyotoka, lazima hewa iingie mahali pake, na ndiyo maana kifuniko cha tangi kina kitundu kidogo sana ambacho wengi wenu hamjawahi kukitazama. Kama kitundu hakipo, mafuta yanashuka kidogo, kisha tangi linayashikilia. Kila nilipofungua kifuniko kutazama, hewa iliingia, na pikipiki ikapata pumzi ya dakika tano nyingine. Nilikuwa naiponya na kuiua kwa mkono uleule.

Nikakigeuza kile kifuniko. Kilikuwa cha plastiki, cha mashine ya kupulizia mikorosho, na ndani yake kulikuwa na mpira wa mviringo uliokatwa kwenye tyubu, ukakazwa barabara. Siku ya kwanza nilikiona si cha kwake, nikakipuuza, kwa sababu Saidi alikuwa ameniambia hakuna aliyeigusa.

Saidi alirudi kutoka msikitini na kanzu yake.

"Hiki nani kakiweka?"

"Mimi. Tangi lilikuwa wazi, nikaona salfa itaingia. Nikakata mpira ili kikae vizuri."

"Nilikuuliza nani kaigusa!"

"Sikuigusa, fundi. Niliifunika tu."

Hilo ndilo kosa nililosema nitalirejea. Msimwulize mtu nani kaigusa. Mwulizeni ameitunzaje. Mtu aliyeficha uharibifu atababaika, lakini aliyeharibu kwa kutunza atakutazama usoni na kuapa.

"Na kifuniko chake kiko wapi?" nikauliza.

Mama Somoe, aliyekuwa mlangoni kwake palepale, akaweka chini ungo.

"Baba Fatu," akaniita kwa jina la mwanangu wa kwanza, ambalo hulitumia tu akiwa hataki utani. "Siku tatu nakuita mwizi. Ulidhani nakutania?"

Hapo ndipo nikauona mkono wangu mwenyewe umeinuliwa juu msibani, umeshika kifuniko. Nikaona na chupa ya mbegu za maboga. Mama Somoe akaanza kucheka, magoti yake mabovu yakitikisika, Saidi akafuata, na mlio wa lori ukasikika unapanda barabara.

Masasi ni mbali, lakini kitundu ni kitundu. Nilikipeleka kifuniko cha plastiki jikoni, mbali na petroli, nikauchoma msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, nikatoboa kifuniko na mpira wake. Nikakirudisha, nikafunga. Kiki moja. Somoe, aliyekuwa ametoka shuleni mapema, akapanda na gauni lake la shule, akaondoka kuelekea njia panda ya Kitangari bila kuaga.

Lori likaingia uani. Wapakiaji wawili wakashuka, wakauliza mzigo uko wapi.

"Umetoka kidogo," Saidi akawaambia.

Tukasubiri. Dakika tano zikapita, nami nikawa nahesabu kwa kutazama kivuli cha nguzo. Kumi. Injini ya lori ilikuwa inanguruma na sikuweza kusikia kitu kingine chochote. Mama Somoe aliacha kuchambua mboga. Mpakiaji mmoja akatazama saa, akasema wana sehemu nyingine za kupita.

"Zima hilo gari lako!" Mama Somoe akamfokea dereva, ambaye hakuwa amemjua mpaka dakika ile. Dereva akalizima.

Ndipo tukasikia kikohozi kile cha kutaka kuhutubia, kikija kutoka upande wa pili, na nyuma yake honi za bodaboda watatu wanamsindikiza kama bibi harusi. Somoe akaingia uani, akazunguka lori, akasimama mbele ya baba yake mdogo. Hakuizima. Aliiacha ingurume palepale mpaka Saidi akaangua kicheko.

"Haya, nimesikia, zima." Kisha akawageukia wapakiaji. "Msiondoke mikono mitupu. Pakieni ile baiskeli yangu."

Jioni ile nililetewa sinia. Mama Somoe alisema ni jogoo wa kukomboa kifuniko, amechelewa miaka sita, na aliyemo kwenye sinia ni kitukuu cha yule niliyemdai. Nikala mpaka shingo. Nikaahidi kifuniko kitapanda Newala juma linalofuata, kwa mkono wangu.

Kikapanda. Mke wangu alimwaga mbegu za maboga kwa manung'uniko, akaziba chupa kwa gunzi. Nilikifunga kwenye tangi mbele yao wote. Kikaingia vizuri kabisa, kikakaa kama kimezaliwa pale, kitundu chake kipo. Kilikuwa kifuniko cha kufunga kwa ufunguo, kama vilivyokuwa vyote vya pikipiki zile, ingawa siku ya msiba nilikikuta hakijafungwa, na ufunguo unaowasha ndio huohuo unaofunga tangi. Somoe akachomeka ufunguo wa baba yake, uleule aliotoka kuuwashia pikipiki.

Haukugeuka.

Nikajaribu mimi. Nikatia oili. Nikajaribu tena. Haukugeuka, wala hautageuka, kwa sababu kifuniko kile hakikuwa cha marehemu. Siku ile ya msiba, macho yangu yakiwa na maji, nilifungua pikipiki ya mtu mwingine kwenye ule mstari. Mwenyewe, mvua ilipoanza, alikuta tangi lake liko wazi, akachukua cha jirani, ambacho nacho hakikufungwa, na jirani huyo alikuwa Issa, ambaye asingeweza kulalamika.

"Kwa hiyo," Mama Somoe akasema taratibu, "umenilia jogoo wangu kwa kifuniko cha mtu nisiyemjua."

Somoe anawahi kengele kila siku, na kifuniko kile kinafanya kazi hata bila ufunguo. Ila jogoo anadaiwa, na kwa kanuni za utani nitakapofariki mimi watakuja kumdai msibani kwangu. Nimewatafuta mabwana shamba waliokuja siku ile na pikipiki za namna ile, nimpate mwenye kifuniko nimwachie deni. Niliowapata ni wanne. Nikamwuliza kila mmoja kama baada ya msiba ufunguo wake wa zamani ulikuwa bado unafunga tangi lake. Watatu walicheka sana. Wa nne hakucheka. Alisema pikipiki yake alishaiuza zamani, na hakumbuki aliyeinunua.